Dawa ya Pamba ni Sumu ya Mishipa ya Fahamu

Jina linaweza kumdanganya mtu. Kile tunachonyunyizia pamba tunakiita dawa. Kile tunachomeza tukiugua malaria nacho tunakiita dawa. Mtu husikia neno moja, akadhani vitu hivyo ni ndugu. Sivyo. Dawa ya malaria imetengenezwa ili mtu apone. Dawa ya pamba imetengenezwa ili kiumbe afe. Kiumbe huyo ni funza wa vitumba, au kidukari, au mdudu mwingine anayekula jasho letu. Lakini sumu haina macho. Haijui huyu ni funza na huyu ni mkulima.

Leo katika ukurasa huu wa afya tunataka kusema jambo moja. Sumu nyingi za wadudu huua kwa kuvuruga mishipa ya fahamu. Sisi nasi tuna mishipa ya fahamu, na tuna ubongo. Kwa hiyo anayenyunyizia bila kujikinga anahatarisha kichwa chake, wala si ngozi ya mikono tu. Madhara mengine huonekana siku hiyo hiyo. Mengine huja pole pole, baada ya miaka mingi. Hayo ya pole pole ndiyo tunayoyapuuza, na hapo ndipo tunapokosea.

MISHIPA YA FAHAMU NI NINI?

Ubongo umo ndani ya fuvu la kichwa. Kutoka kwenye ubongo hushuka kamba nene iliyo ndani ya uti wa mgongo. Kutoka kwenye kamba hiyo hutawanyika mishipa ya fahamu, kama mizizi ya mti inavyotawanyika ardhini. Mishipa hiyo hufika hadi kwenye kidole cha mwisho cha mguu.

Ukikanyaga mwiba, mishipa hupeleka habari kwenye kamba hiyo ya uti wa mgongo. Kamba hujibu: inua mguu! Nawe unainua. Yote hayo hufanyika kufumba na kufumbua.

Habari ikishafika, mwili huifuta ili mshipa utulie na kungoja habari nyingine. Ni kama mwalimu anavyofuta ubao baada ya somo. Baadhi ya sumu za wadudu huzuia kufuta huko. Habari ya zamani inabaki ubaoni, nyingine inaandikwa juu yake, na nyingine tena. Misuli inacheza bila kuamriwa. Mate yanamwagika. Pumzi inabana. Mdudu hufa hivyo. Mtu naye anaweza kufa hivyo.

Sumu za namna hii zina historia ya kutisha. Mwaka 1936, huko Ujerumani, mtaalamu mmoja aitwaye Gerhard Schrader alikuwa anatafuta dawa ya kuua wadudu wa mimea. Alipata sumu kali kiasi kwamba ikachukuliwa na jeshi ili iwe silaha ya kuua watu vitani. Dawa nyingi za kunyunyizia zilizokuja baadaye ni za ukoo huo huo, ingawa nguvu yake imepunguzwa. Kumbuka jambo hilo kila unapojaza bomba.

SUMU YA SIKU MOJA

Wakulima wengi wa Kwimba, Magu, Misungwi na Sengerema wanazijua dalili hizi. Mtu ametoka kunyunyizia. Kichwa kinamgonga. Anaona kizunguzungu, macho hayaoni vizuri. Anatoka jasho jingi na mate mengi. Tumbo linamkata, anatapika au anaharisha. Mboni za macho zinakuwa ndogo kama tundu la sindano. Hali ikizidi, misuli inamcheza, anaanguka na kupata degedege.

Wengi wetu husema, "Ni jua tu." Au husema, "Dawa imenichosha kidogo, kesho nitakuwa mzima." Mara nyingi kesho yake kweli anaamka. Basi anazoea. Na kuzoea huku ndiko adui mkubwa.

SUMU YA MIAKA MINGI

Sasa tuseme juu ya yale yasiyoonekana kesho yake.

Nchini Ufaransa wataalamu walianza mwaka 2005 kufuatilia afya ya watu zaidi ya 180,000 wanaohusika na kilimo. Waliuliza kila mmoja: Unalima nini? Unafuga nini? Umewahi kunyunyizia dawa? Kisha wakangoja kuona nani anaugua nini. Walipochunguza uvimbe wa ubongo na wa uti wa mgongo, waliona kwamba ulitokea mara nyingi zaidi kwa wale waliowahi kutumia dawa za mimea kuliko kwa wale ambao hawakuzitumia. Hatari hiyo ilikaribia kuwa mara mbili.

Tuelewane vizuri hapa, maana hatutaki kumtisha mtu bure. Uvimbe wa ubongo ni ugonjwa wa nadra. Tuseme kwa mfano tu kwamba katika tarafa fulani angeugua mtu 1. Mara mbili yake ni watu 2. Wakulima wengine wote hawataugua. Tena, wagonjwa wengi wa uvimbe wa ubongo chanzo cha ugonjwa wao hakijulikani. Wamo wakulima, wamo makarani, wamo hata watoto. Hakuna daktari anayeweza kumwambia mgonjwa mmoja, "Wewe umeugua kwa sababu ya bomba lako." Lakini wataalamu wakiwaangalia watu wengi kwa pamoja, kidole kinaelekea kwenye sumu.

Wala si uvimbe tu. Uko ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke mikono, akakamae viungo na kutembea kwa shida. Unaitwa ugonjwa wa Parkinson. Mwaka 2012 serikali ya Ufaransa ilikubali kuuhesabu kuwa ugonjwa wa kazi kwa wakulima waliotumia dawa za mimea. Maana yake, mkulima akiupata anaweza kulipwa fidia, kama mfanyakazi wa kiwandani aliyekatwa kidole na mashine.

Tazama pia mwenendo wa dunia. Zamani mashamba yetu ya pamba yalinyunyiziwa DDT. Baadaye ikaja endosalfani, ambayo wengi waliijua kwa jina la Thiodan. Wakati wa kuuza tuliambiwa ni dawa nzuri. Mwaka 2001 mataifa yalikubaliana mjini Stockholm kwamba DDT isitumike tena mashambani. Mwaka 2011 mataifa hayo yaliamua kwamba endosalfani nayo iachwe. Mwaka 2015 wataalamu wa saratani wa kimataifa waliokutana mjini Lyon, Ufaransa, waliiweka DDT katika kundi la vitu ambavyo yamkini huleta saratani kwa binadamu. Basi tujifunze. Dawa inayosifiwa leo inaweza kukataliwa kesho. Lakini iliyokwisha kuingia mwilini mwako haitolewi kwa mkutano.

"NIMENYUNYIZIA MIAKA 20, SIJAFA"

Maneno haya yanasemwa sana vijijini. Anayeyasema anadhani ametoa ushahidi.

Ndugu, nguzo ya nyumba huliwa na mchwa miaka mingi ikiwa bado imesimama. Ukiigonga utasikia sauti ya uwazi. Siku inapoanguka, watu husema upepo ulikuwa mkali. Kumbe upepo umekuta kazi imekwisha.

Tena, anayesema "sijafa" anawahesabu walio hai tu. Walioaga hawaji barazani kutoa ushahidi. Kwa hiyo tusiipime sumu kwa kumwangalia aliyeanguka leo shambani peke yake. Tuipime pia kwa yale yanayoweza kuja uzeeni.

SUMU HUINGILIA WAPI?

Wengi hudhani sumu huingia kwa pua na mdomo tu. Kwa hiyo mtu hufunga kitambaa puani, kisha hufanya kazi kifua wazi na miguu mitupu. Ukweli ni kwamba kwa mnyunyiziaji mlango mkubwa ni ngozi. Na ngozi haifanani mwili mzima. Ngozi ya paji la uso hupitisha sumu kuliko ya mkono. Ngozi ya sehemu za siri za mwanamume hupitisha sumu zaidi ya mara 10 kuliko ya mkono. Sasa fikiri juu ya bomba linalovuja mgongoni. Maji yake yanateremka wapi? Yanateremka kiunoni na mapajani. Bomba linalovuja ni bovu, hata kama linanyunyizia vizuri.

Wako wanaokunywa maziwa baada ya kunyunyizia, wakiamini kwamba maziwa huosha sumu. Maziwa ni chakula kizuri. Lakini hayaondoi sumu iliyopita kwenye ngozi. Kinachosaidia ni maji mengi na sabuni, mara tu unapomaliza kazi, kabla ya kula, kabla ya kuvuta sigara, kabla ya kumbeba mtoto. Nguo za kazi zifuliwe peke yake, zisichanganywe na kanga za mama wala nguo za watoto. Anayefua asisahau kwamba naye anashika sumu.

Wako pia wanaozibua bomba kwa kupuliza na mdomo. Acha kabisa. Tumia unyasi au maji.

Na wafugaji wasidhani haya hayawahusu. Dawa ya kuogeshea ng'ombe kwa ajili ya kupe nayo ni sumu. Ichukuliwe kwa tahadhari ile ile.

TUFANYE NINI?

Hatusemi tuache kulima pamba. Pamba imesomesha watoto wetu na imeezeka nyumba zetu kwa bati. Tunasema tulime kwa akili.

Kwanza, kagua kabla ya kunyunyizia. Wengi hunyunyizia kwa kuhesabu majuma, hata kama wadudu hawapo. Ingia shambani asubuhi. Chagua miche hapa na pale, pembeni na katikati. Funua majani na vitumba. Hesabu funza. Mwonyeshe bwana shamba au bibi shamba hesabu yako, akuambie kama imefika kiwango cha kunyunyizia. Kila mara unapoacha kunyunyizia bila sababu, umeokoa fedha na umeokoa ubongo.

Pili, ng'oa na uchome miti yote ya pamba baada ya mavuno. Funza hujificha humo wakingoja msimu ujao. Tumia pia mbegu bora. Watafiti wa Ukiriguru, hapa hapa kwetu, walichagua pamba yenye vinyweleo kwenye majani ili wadudu wadogo wafyonzao majani washindwe kukaa. Hiyo ni kinga isiyo na sumu.

Tatu, jifunze kwa wenzetu. Wilayani Meatu, toka mwaka 1994, wako wakulima wanaolima pamba bila dawa za viwandani kupitia mradi wa bioRe. Hupanda alizeti pamoja na pamba ili wadudu waharibifu wavutwe huko na kuliwa na wadudu marafiki. Lakini tahadhari: cha kienyeji si salama kwa sababu tu ni cha kienyeji. Utupa huua samaki, nao una sumu inayodhuru mishipa ya fahamu. Maji ya tumbaku nayo hupita kwenye ngozi. Ukivitumia, jikinge vile vile.

Nne, soma maandishi ya chupa. Hii ndiyo faida ya kisomo. Zamani karani alikusomea. Sasa unasoma mwenyewe. Tazama pia rangi iliyo chini ya karatasi ya chupa. Nyekundu ni sumu kali sana. Njano ni sumu yenye madhara. Bluu ni ya kutahadhari. Kijani ni yenye sumu kidogo, lakini bado ni sumu. Usinunue dawa iliyopimwa kwenye chupa ya soda sokoni. Haina jina, haina maelezo, na daktari hatajua amtibu vipi aliyeinywa.

Tano, vaa. Vaa shati la mikono mirefu, suruali ndefu, glovu za mpira, viatu vya mpira na kofia. Weka kipande cha nailoni kati ya bomba na mgongo. Ni kweli, jua la kwetu ni kali na mavazi hayo yanachosha. Basi nyunyizia alfajiri au jioni, upepo ukiwa umetulia, na uende upepo ukiwa mgongoni au ubavuni, usiende dhidi yake.

Sita, watoto, mama wajawazito na wanaonyonyesha wasichanganye wala kunyunyizia. Ubongo wa mtoto bado unajengwa. Nyumba ikiwa bado udongo mbichi, mvua ndogo huibomoa.

WAJIBU WA CHAMA NA WA KIJIJI

Sasa tuseme wazi. Mkulima mara nyingi huambiwa, "Vaa glovu." Akiuliza ziko wapi, hazipo. Dawa hufika kijijini kwa mkopo, na fedha yake hukatwa wakati wa kuuza pamba. Dawa inapatikana kwa mkopo, lakini kinga haipatikani. Je, hiyo ni haki?

Maoni yetu ni haya. Chama cha ushirika kinacholeta dawa kilete na kinga. Anayekatwa fedha za chupa akatwe na za glovu, kidogo kidogo, apewe. Au kundi la wakulima 10 wanunue seti moja nzuri ya mavazi na bomba moja lisilovuja, wapokezane, na mavazi yafuliwe kila baada ya kazi. Jambo hili lisemwe kwenye mkutano mkuu wa wanachama. Liandikwe kwenye kumbukumbu. Mwanachama anayejua kusoma aulize mkutano ujao: limetekelezwa?

Kijiji nacho kina wajibu. Chupa tupu zisiwekwe mafuta ya taa, wala mafuta ya kula, wala maji. Zioshwe mara tatu, maji yake yarudishwe kwenye bomba, kisha zitobolewe ili zisitumike tena. Na bomba lisioshwe ziwani. Wanaolima nyanya na kabichi kando ya ziwa wanatusikia. Ziwa ni mtungi wetu sote.

Tunakumbuka yaliyotokea. Watu wachache walitumia dawa za shambani kuvulia samaki katika Ziwa Victoria. Mwaka 1999 nchi za Ulaya zikazuia samaki wetu. Viwanda vya Mwanza vikatikisika, na wavuvi wasio na kosa wakapata hasara. Zuio hilo liliondolewa baadaye. Lakini tujiulize: Ulaya walikataa kula samaki hao. Je, sisi tulikuwa tunakula nini?

MTU AKIUGUA

Mtu akizidiwa baada ya kunyunyizia, mwondoe shambani. Mvue nguo zilizolowa. Mwoshe kwa maji mengi na sabuni. Aliyezimia mlaze ubavu. Usimtapishe kwa nguvu na usimpe maziwa. Mkimbize zahanati au kituo cha afya, na uende na chupa ya dawa ili mganga asome. Ziko dawa za hospitali za kupambana na sumu hizi, lakini zinataka haraka.

Uvimbe wa ubongo una dalili nyingine. Kichwa kinauma kwa majuma, hasa asubuhi, na maumivu yanazidi. Mtu anatapika wala tumbo haliumwi. Mtu mzima ambaye hajawahi kuanguka kifafa anaanguka mara ya kwanza. Upande mmoja wa mwili unalegea. Macho yanafifia. Tabia inabadilika, mpole anakuwa mkali bila sababu. Kuumwa kichwa kwa kawaida kuna sababu nyingi ndogo. Lakini dalili hizi zikija, nenda zahanati uombe barua ya rufaa. Hospitali ya Bugando iko juu ya kilima pale Mwanza toka mwaka 1971, na huko kichwa hupigwa picha ya ndani. Uvimbe mwingine wa kichwani si saratani. Hukua taratibu, na madaktari wanaweza kuuondoa kwa kupasua. Anayechelewa ndiye anayepoteza nafasi hiyo.

Wala tusikimbilie kusema karogwa. Katika Usukuma yetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, wengine kwa sababu tu macho yao yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni. Mtu akianguka kifafa, ulizeni kwanza amekuwa akishika nini shambani. Kumsingizia jirani hakumponyi mgonjwa. Kunaongeza maiti ya pili.

Ndugu msomaji, shamba likiharibika msimu huu, msimu ujao utalima tena. Jembe likivunjika, utanunua lingine. Ubongo hauuzwi dukani wala haukopeshwi na chama. Tulime pamba, tupate fedha, na tubaki na akili za kuzitumia.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Kwa nini jina "dawa" linaweza kumdanganya mkulima?
2. Sumu huingia mwilini kwa njia zipi? Njia kubwa kwa mnyunyiziaji ni ipi?
3. Katika kijiji chenu, nani huchanganya dawa ya pamba? Chupa tupu huenda wapi?
4. Chama chenu cha ushirika kifanye nini ili kila mnyunyiziaji apate glovu na viatu vya mpira? Mtalisema lini mkutanoni?